Mikono ya Bi Taratibu

Viti vya watoto havikutengenezwa kwa ajili ya magoti ya mzee. Nilikaa juu ya kimoja, magoti karibu na masikio, begi la wanasesere miguuni, nikiwatazama walezi wakiingia mmoja mmoja, nyuso za watu walionyang'anywa Jumamosi yao. Watoto hawakuwapo, ila harufu yao ilikuwapo: maziwa yaliyochacha, chaki, magodoro yaliyokojolewa na kuanikwa na kukojolewa tena.

Mimi shule nimeisoma vipande vipande, hapa kidogo, kule kidogo, kama nilivyoishi. Nimebeba mizigo, nimepika melini, nimeendesha gari la wagonjwa mpaka macho yakagoma. Sasa nazunguka na begi, nawafundisha walezi namna ya kumrudishia pumzi mtoto aliyezimia. Kila mji maneno ni yale yale. Kinachobadilika ni kiuno changu tu.

"Babu," akaniambia kijana mmoja waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, "na wewe ukianguka hapa, tukubonyeze?"

"Mimi niacheni nipumzike."

Wakacheka. Msimamizi hakucheka. Alisimama mlangoni na funguo zake, akasema maneno aliyotumwa kusema: asiyefaulu leo hakai tena chumbani na watoto, atahamia kufua. Kila mtu akatazama pengine, ili asimtazame Bi Taratibu.

Huyu alikuwa mlezi mkongwe kuliko wote. Jina la utani walimpa kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akifunga mlango. Mtoto aliyeshindikana kwa wote, akipewa yeye, analala.

Nikamlaza mwanasesere sakafuni. Kimo chake ni cha mtoto wa miaka mitatu hivi, na kifuani ana springi: ukibonyeza sawasawa, analia "tak". Ukimbembeleza, ananyamaza. Nikaonyesha. Ita msaada. Inua kidevu, sikiliza pumzi. Hakuna? Mpulizie. Kisha katikati ya kifua, sehemu ya chini ya kiganja, mkono umenyooka, bonyeza kwa nguvu na haraka, usichoke.

Redio alifaulu, mdomo ukiendelea kusema. Wengine nao wakafaulu kwa kusuasua. Ikafika zamu ya Bi Taratibu.

Alipiga magoti, akaita msaada kwa sauti laini ya kumwamsha mtu usingizini, kisha akamwokota mwanasesere, akamweka begani, akaanza kumpigapiga mgongo huku akitembea.

"Shangazi!" Redio akapiga kelele. "Huyo hajashiba, huyo amezimia!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Yeye mwenyewe akatabasamu kwa aibu, akamrudisha chini. Mara ya pili akaenda kwanza kuvuta kigodoro.

"Mama, godoro hapana," nikasema. "Unabonyeza godoro, mtoto habonyezeki."

"Kwenye saruji? Huyu mtoto?"

"Kwenye saruji."

Akamlaza kwenye saruji kama anayeweka yai. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Nikamwambia kwa nguvu zaidi, mara nyingi, mpaka sauti yangu ikawa kali na mimi mwenyewe nikaisikia. Akaacha, akaitazama mikono yake.

"Mikono hii, baba, nimeikanya maisha yangu yote isimuumize mtoto. Leo unaniambia nimvunje mbavu."

"Ubavu unaungwa."

Nikatangaza mapumziko, kwa ajili yangu zaidi kuliko yake.

Msimamizi akanifuata hadi uani, penye karo la kufulia na kamba za nguo.

"Mpitishe tu, mzee wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nimelelewa chumba kile kile, mgongoni kwake. Nitamwambiaje aende kwenye karo?"

Nilikuwa nimechoka hoi. Basi langu la mwisho lilikuwa jioni hiyo, na sahihi yangu haina uzito wowote, ni mkunjo wa kalamu tu. Nusura niseme "haya".

"Nikimpitisha," nikasema, "siku mtoto akizimia kweli, atambeba amtembeze. Atamtembeza taratibu mpaka basi."

Msimamizi akafuta macho kwa nyuma ya mkono, funguo zikalia.

Hapo ndipo nikaliona beseni karoni, blanketi limelowekwa.

"Mablanketi haya nani huyafua?"

"Ni yeye. Anakuja kabla ya sisi sote. Anasema mashine inayaacha na harufu."

Nikamchukua mwanasesere ndani, nikamwita Bi Taratibu. Nikamwomba alifue lile blanketi, basi. Akanitazama kama anayemtazama mzee aliyeharibikiwa akili, lakini akapiga magoti, akanyoosha mikono, akashusha mgongo mzima juu ya blanketi. Maji yakaruka. Akashuka tena, na tena, haraka, mabega juu ya viganja, bila kukunja kiwiko. Walezi wakatoka mlangoni kutazama, hata Redio akazima.

"Usisimame," nikasema. Nikamsogeza mwanasesere kwenye saruji pembeni yake. "Hamia hapa. Huyu ni blanketi. Usimtazame usoni."

Akahama na mikono yake inayochuruzika povu. Akatazama ukuta.

Tak.

Akashtuka, akataka kuacha.

"Jikaze kisabuni, Shangazi!" Redio akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Tak. Tak. Tak. Alibonyeza machozi yakimdondoka juu ya mwanasesere na povu. Nilipomwambia apulize, alimwinua kidevu na kupuliza kidogo tu, kama anayemtoa mtoto vumbi jichoni, na kifua kikapanda vizuri kuliko kwa yeyote siku ile. Kisha akarudi kubonyeza. Nilimwacha aendelee mpaka mikono ikaanza kumtetemeka, maana siku yenyewe ikija itamtetemeka.

"Inatosha. Umefaulu."

Hakusimama. "Na akiamka?" akauliza, akihema. "Akianza kulia?"

"Akilia, mbebe."

Akamwokota mwanasesere kutoka kwenye saruji, akamfuta povu kwa upindo wa gauni lake, akamweka begani. Akaanza kutembea naye, kutoka kwenye karo hadi kwenye kamba, kutoka kwenye kamba hadi kwenye karo, akimpigapiga mgongo.

Begi lilikuwa wazi, likimsubiri mwanasesere huyo mmoja aliyebaki. Nikatafuta kiti cha watoto, nikakaa. Basi la jioni na liende.