Sisimizi wa Nangara

Sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka ukuta wa jiko hadi kwenye kijiti cha ua wa mnyaa, pale Katarina alipojisaidia usiku miguu ilipokataa kumfikisha chooni. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Elimringi, alichuchumaa akawatazama kwa muda. Kisha akawaambia mgambo wachimbe hapo hapo.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, walanguzi wanaoficha bidhaa wanasakwa nyumba kwa nyumba. Sukari haikuwa imeonekana dukani tangu masika. Nangara nzima ilikunywa chai ya chumvi.

Katarina alieleza kuwa ni ugonjwa. Mganga wa zahanati alimwambia sukari ya mwili wake inapotelea kwenye mkojo, ndiyo maana anakonda, ndiyo maana kiu haimwishi. Ale maharage, mboga na maziwa. Apumzike, aache mawazo. Dawa zikifika ataitwa. Tangu siku hiyo alikula ugali wa unga wa njano, akapalilia mashamba ya watu kule Singe, mtoto mgongoni. Mawazo hakujua pa kuyaacha.

"Mama Herieli," balozi alisema kwa upole, "mimi na kitambi changu hiki sisimizi hawanifuati. Watakufuata wewe?"

Mgambo walicheka. Mmoja akasema ugonjwa huo ni wa wakubwa, maskini huugua malaria.

Walichimba hadi magotini. Hawakupata kitu. Basi ameshauza, wakasema, wakamwambia atangulie. Mama Aikande, jirani, alimpokea Herieli bila kumtazama mama yake usoni. Mtoto alikuwa bado ananyonya.

Kwenye ofisi ya kijiji walimkalisha sakafuni, karibu na mlango wa stoo wenye kufuli kubwa. Gari la kupeleka watuhumiwa Arusha lingepita jioni, na kesi za namna ile hazikuwa na dhamana. Katarina aliomba maji. Akapewa kikombe, akakimaliza, akaomba kingine. Baadaye aliomba kutoka nje.

"Ukafiche ushahidi?" katibu wa kijiji aliuliza, akikoroga chai yake.

Maziwa yalikuwa yameshalowesha blauzi. Aliomba tena kutoka, safari hii akianza na shikamoo.

"Marahaba. Kaa."

Alibana mapaja mpaka akatetemeka. Mkojo ukatoka, ukatambaa kwenye saruji, naye akaufuta kwa upindo wa khanga huku akiomba radhi kwa sauti ndogo.

Jua lilipogeukia dirishani, sisimizi walitokea. Hawakuingia kutoka nje. Walitoka chini ya mlango wa stoo, mmoja, wawili, kisha mstari mnene ulioshika njia hadi kwenye khanga yake.

Mgambo aliwaona. Akalitazama lile kufuli, akamtazama katibu.

Katibu aliweka kikombe chini. Alikunja gazeti, akaliingiza kwenye ufa wa chini ya mlango, akalikandamiza kwa kiatu.

"Andika," alisema. "Sisimizi wamemfuata mpaka hapa."

Mgambo akaanza kutafuta kalamu.