Sikio la Fundi

Miaka miwili nilishinda kwenye kiwanda cha sabuni, nimetumwa na chuo kikuu chini ya mkataba wa ushirikiano. Chuo kilinipa vipimo. Kiwanda kikanipa pipa la kuchemshia na mzee mmoja. Tulimwita Fundi Sikio. Alikuwa akichovya kijiti kirefu kwenye sabuni inayochemka, anabana ncha ya pili kwenye taya, anafumba macho kusikiliza mvumo. "Imeiva," anasema, na kweli imeiva. Kazi yangu ilikuwa kuugeuza mvumo ule kuwa namba. Nikaweza, nikajiona mtu mbele za watu.

Tasnifu ilipokamilika, mwanasheria wa kiwanda akaniita. Mkataba niliousaini siku ya kwanza bila kuusoma, kwa haraka ya kuvaa koti jeupe, ulisema hakuna andishi linalotoka getini bila kibali. Chuo nacho hakitoi shahada kwa tasnifu iliyofungiwa kabatini. Msimamizi wangu alinishauri nivute subira. Yeye shahada yake anayo.

"Kibali utakipata kesho," mwanasheria alisema, "mzee akisaini hapa kwamba ujuzi huu ni wa kiwanda. Wewe anakusikiliza."

Nilimkuta Fundi pale pale kwenye pipa, nikampa karatasi na kumweleza sharti la mwanasheria.

"Nisomee, mwanangu. Miwani nimeiacha nyumbani."

Nikasoma. Nikafika penye "hatamwambia wala kumfundisha mtu asiye wa kiwanda". Binti yake huchemsha sabuni ya kuuza nyumbani, na kila Jumapili baba mtu humfundisha kushika kijiti. Nilitamani kuuruka mstari ule. Sikuuruka, ila niliusoma mbio mbio, na hilo naliona aibu mpaka leo.

"Nisiposaini, shahada hupati?"

"Sipati, baba."

"Na wewe ulisaini?"

"Nilisaini."

Akapangusa mkono kwenye aproni, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja.

Nyuma yetu pipa likabadilisha mvumo. Akachukua kijiti, akakibana kwenye taya, akafumba macho. Siku zote huniambia hata kabla sijauliza. Safari hii alikaa kimya.

"Imeiva?" nikauliza.

Alinitazama kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko tusi.

"Karatasi inasema nisimwambie asiye wa kiwanda," alisema. "Na wewe, mwanangu, ni wa chuo."