Bibo Lisiloonja Moto

Mbwa ndio waliotimua mbio kwanza. Jocélia alipoiwasha mashine, fimbo ya chuma iliyozamishwa ndani ya pipa la juisi ilianza kulia kwa sauti nyembamba inayokera meno, na mbwa wote wa ushirika wakajitosa vichakani. Wanawake wakaziba masikio huku wakicheka.

"Huo mnaousikia ni mkia tu wa sauti," Jocélia aliwaambia. "Yenyewe ni kali mno, sikio la mtu haliipati. Inaingia kwenye juisi, inazaa vipovu vidogo sana, vinapasuka, na nyama ya bibo inasagika mpaka haizami tena chini. Hakuna kuchemsha."

"Hakuna kuchemsha," alirudia Deusimar, akamtupia jicho Expedita, rafiki yake wa tangu utotoni. "Shoga, umesikia? Kuni zako sasa utaziota."

"Kwa joto hili la Piauí?" mwingine akadakia, na vicheko vikaanza upya.

Expedita hakucheka. Alikuwa mezani kwake, anakata. Kukata, kwa watu wa Piauí, kule kaskazini-mashariki mwa Brazili, ni kuidondoshea juisi ya bibo jelatini, tone baada ya tone, mpaka nyama igande, ianguke chini na kuondoka na ukakasi wake. Kisha juisi huchujwa kwa kitambaa na kuchemshwa ndani ya chupa hadi ipate rangi ya asali. Ukipunguza matone, inabaki na ukungu na kukaza ulimi. Ukizidisha, umeiharibu. Hakuna harusi iliyofungwa wala mgeni aliyekaribishwa kitini bila juisi hiyo, na hata aliyegombana na Expedita alimtuma mtoto kwenda kumwita akamkatie. Hakuwa na mume, hakuwa na shamba la kujivunia. Meza ile ndiyo iliyomfanya aitwe Bi Expedita.

Sasa mabibo yalikuwa yameiva, na ushirika ulikuwa na mikono ya kazi moja tu: ama kukata na kuchemsha chupa, ama mashine. Wakichagua mashine, hakuna wa kukata. Na aliyeileta si mtu baki. Ni Jocélia, ambaye Expedita alimsimamia ubatizo, akamlea baada ya mama yake kufariki, akamsomesha hadi chuo cha mjini Teresina kwa kukata juisi za watu. Angekuwa mgeni angemtukana, yakaisha.

Vikombe vikaletwa, vimefunikwa na kutiwa mirija ili rangi isionekane. Kimoja kilifungwa uzi mwekundu, kingine mweupe. Kila mwanamke alipewa korosho moja ya kuweka mbele ya kikombe atakachokipenda, na chenye korosho nyingi ndicho kingeamua kazi ya msimu.

"Anza wewe, mama," alisema Jocélia.

"Waanze wenye hamu."

Wakaanza, na zamu yake ikafika. Alivuta mrija wa uzi mwekundu na kujua palepale kuwa ni wake. Juisi tulivu, yenye utamu wa kuiva motoni, na kile kiukakasi kidogo anachokiacha kwa makusudi ili ulimi usilale. Akavuta ule mweupe.

Alisimama vile vile na mrija mdomoni. Lilikuwa bibo la asubuhi, lile unalolitafuna chini ya mkorosho maji yakikuchuruzika hadi kwenye kiwiko, na harufu yake yote imo. Harufu hiyo moto huiua. Maisha yake yote aliwaambia watu kwamba ndiyo hivyo, harufu lazima iende, hakuna la kufanya. Alichukia. Alichukia zaidi kwa sababu ilikuwa tamu, na ulimi wake haukumwonea aibu.

Akaweka korosho yake mbele ya uzi mwekundu.

Walipofunua, korosho zilikuwa zimerundikana upande mweupe. Upande wa pili ilikaa moja, peke yake. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Deusimar, mwenye mdomo usiokosa neno, aliangalia sakafu, na huruma hiyo ikamuuma Expedita kuliko masimango.

"Meza haiondoki, mama," Jocélia alisema taratibu. "Wakija wageni utakuwa unawakatia."

"Wakija wageni. Kama vyombo vya kabatini."

"Sikusema hivyo."

"Umesema vizuri tu. Si nilikusomesha? Basi umesoma."

Jocélia akainama kukusanya vitu vyake. Gari la kumrudisha Teresina lilikuwa limeshafika, na wanawake wakatoka kumsaidia mizigo. Expedita alibaki kuosha vikombe, kwa kuwa mikono yake haikujua pa kukaa.

Kikombe cha uzi mweupe kilikuwa na juisi hadi nusu. Alikifunua. Manjano, yenye ukungu, rangi ile ile aliyoifukuza kwenye juisi tangu akiwa msichana. Alitazama mlangoni, akakiinua, akajaza mdomo.

"Mama."

Jocélia alikuwa amerudi. Kule mtoto hafungi safari bila baraka ya mama yake wa ubatizo. Hata waliokosana huweka ugomvi kando mpaka neno hilo litoke. Tangu ajue kusema, Jocélia hakuwahi kuondoka bila kusikia, "Mungu akubariki, mwanangu." Alisogea, akanyoosha viganja vyote viwili.

"Nibariki, mama. Nasafiri."

Expedita alisimama na mashavu yamejaa. Kikombe kilikuwa mkononi, uzi mweupe unaning'inia, hapakuwa na pa kukificha. Ili aseme, ilimpasa ameze, na ameze mbele ya macho yale.

Jocélia alikiona kikombe. Hakutabasamu, wala hakushusha mikono.

"Mama, gari linaningoja."

Nje dereva alipiga honi. Expedita aliviangalia viganja vile vilivyo wazi mbele yake, na juisi ikaanza kupata joto mdomoni mwake.