Uso wa Kwenye Simu

...na kidogo tu, alisema yule Avni wa duka la vipodozi mjini Kisii, kidogo tu mama, poda ikizidi inaingia kwenye mikunjo na kukuzeesha, watu wasijue umejipaka, waseme tu umelala vizuri, na Bonareri anagusa chini ya jicho la kushoto kwa ncha ya kidole, anapapasa, anapapasa, lakini kidole chenyewe kimepasuka kwa kuchuma majani chai, kinakwaruza ngozi badala ya kuilainisha, angekuwepo Cynthia angempaka, bintiye ana mkono mwepesi, ila Cynthia yuko chuoni na ndiye aliyeanzisha haya yote, mama hebu bonyeza hapa uone, na uso wa Bonareri ukatokea kwenye simu kama maziwa yaliyochujwa, bila baka, bila kunjo, na Onyancha kule Qatar akasema, kumbe wewe huzeeki, akacheka, naye akacheka, na tangu siku hiyo hakupiga simu ya video bila kubonyeza pale, miaka minne, kila Jumapili, akimpelekea mumewe mwanamke ambaye hayupo, na leo huyo mwanamke anatakiwa awepo, asimame uani, apokee mizigo...

"Mama Cynthia! Unafanya nini humo? Maji ya kuku yanachemka!"

Nakuja, mama, navaa, anajibu, na anasogeza kioo mbali na dirisha, maana mama mkwe, Bathsheba, katika miaka yake yote ya kanisa la Sabato hajapaka uso kitu zaidi ya mafuta, akiona rangi atamwita Yezebeli mbele ya wageni, kwa hiyo uso huu ni lazima usionekane na mama na uonekane na mwana, Avni hakumfundisha hilo, Avni alimwambia tu, rangi ya mashavu uipake ukitabasamu, pale panapoinuka, na Bonareri anatabasamu kwenye kioo kwa ajili ya brashi, anajiona, anaacha, Onyancha alipoondoka yeye Bonareri alikuwa na miaka thelathini na minne, sasa arobaini na mitatu, mvi zimeanzia kwenye ncha za nyusi, nani alijua nyusi nazo huota mvi, na Esnah wa kule Itumbe mumewe alirudi, akamtazama, akakaa siku kumi na moja, akaenda kupanga nyumba mjini na msichana, siku kumi na moja, watu walizihesabu, je, yeye watamhesabia ngapi, na kwa nini Onyancha alikataa mtu asiende kumpokea Nairobi, msije, nitakodi gari, msisumbuke, kwa sauti ya mtu anayeficha, ana nini cha kuficha kama si...

Simu inalia uani na Bathsheba anaipokea kwa kupaza sauti, kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. "Haloo! Dereva! Mmefika wapi?... Masimba? Mungu ni mwema... Nani amelala?... Mzee? Mzee gani? Mimi sina mzee, mimi nangoja kijana wangu, Onyancha!... Ati ndiye huyo?"

Ndani brashi imesimama shavuni, mzee, si kitu, madereva humwita kila mtu mzee, ni heshima, hata mtu wa miaka thelathini ataitwa mzee, lakini yeye mwenyewe alilitumia wapi neno hilo, juzi juzi, alimwambia nani... mwezi wa pili, ndiyo, alimpigia Onyancha, simu ikapokelewa haraka kabla haijalia mara mbili, taa ikiwaka, na pale kitandani alikaa mtu mwenye upara, meno ya mbele hana, mashavu yameingia ndani, naye Bonareri akasema, samahani mzee, naomba unipatie Onyancha, simu ikakatika, na baada ya dakika tano Onyancha akapiga mwenyewe, kofia kichwani, chumba giza kama kawaida, ni Mnepali mmoja tunakaa naye, akasema, na yeye akacheka, alicheka, Mungu wangu, akasema huyo naye anangoja nini kurudi kwao... Lakini yeye Bonareri alikuwa amesema kwa Ekegusii, lugha ya kwao. Samahani mzee, nipatie Onyancha, kwa Ekegusii, na yule mtu aliinamisha macho kama aliyeelewa kila neno, Mnepali gani huyo, na akashika sikio, la kushoto, vile Onyancha alivyolishika siku alipokuja kwa kina Bonareri kuposa, akakosea maneno mbele ya wazee...

Anakaa kitandani. Kwa hiyo aliwahi kumwona Onyancha vile alivyo, akamwambia mzee, akamtuma akamwite mumewe, na yeye akaenda, akavaa kofia, akazima taa, akamleta. Anajitazama tena na hatazami mikunjo, anayatazama macho, maana hayo ndiyo yatakayomponza, mlango wa gari utafunguliwa, atashuka mtu polepole, akitafuta ardhi kwa mguu, na macho yana tabia ya kumpita mtu kumtafuta waliyemtarajia, yatachungulia nyuma yake, ndani ya gari, mara moja tu, na Onyancha ataona, basi yasimpite, yaanze kwake na yaishie kwake, anafumba, anafumbua, anatazama, hapana, yamerukaruka, tena, anafumba...

"Mama Cynthia! Maji yanakauka!"

Nakuja, mama, na amwiteje, si mzee, asilitamke tena, na Baba Cynthia ni jina la kila siku, atamwita kwa jina lake, ingawa mke hamwiti mumewe hivyo mbele ya mamake, atalisema kwa sauti majirani wasikie, anafumba, anafumbua, Onyancha, anafumba, anafumbua, Onyancha.