Bomba Chini ya Marumaru

Benedikta alimaliza kusuuza nguo maji ya pili, akayamimina kwenye ndoo, akaiinua kwenda kumwagia mkomamanga. Ilikuwa safari ya tisa tangu asubuhi. Hadi wiki mbili zilizopita asingebeba hata tone. Angechomoa kizibo cha karo la kufulia na maji yangejiendea yenyewe. Sasa karo limebomolewa. Mahali pake pamewekwa marumaru nyeupe, pamepauliwa juu, pamepakwa rangi, na panaitwa chumba cha kufulia. Kumwaga uchochoroni haiwezekani, maana bwana afya wa kata ameshapita mara mbili kutazama povu na kutaja faini.

Ni mwaka wa kumi na moja anafua katika ua huu wa Ngamiani, siku tatu kwa wiki. Siku hizo tatu ndizo kodi ya chumba chake kule Mabawa. Nyumba nyingine anazofulia ni za unga na mafuta, vitu ambavyo kila akienda dukani anakuta vimepanda tena. Baba yake alitoka bara kuja kukata mkonge, na yeye mwenyewe ni Mkatoliki asiyekosa misa, lakini twahara ya nguo za nyumba hii anaijua kuliko mabinti wa humo ndani. Nguo za kuswalia za Bi Hasina, mwenye nyumba, hufuliwa peke yake, husuuzwa maji matatu, huanikwa kamba ya peke yake. Bi Hasina alimfundisha mwaka wa kwanza, na tangu hapo hajawahi kumsimamia. Benedikta alijivunia jambo hilo bila kumwambia mtu.

Mashine yenyewe ya kufulia ilikuwa stoo, bado ndani ya boksi. Mudathir, mtoto wa kwanza wa Bi Hasina, ameituma kutoka Maskati.

"Shikamoo mama," alisema Sele, fundi bomba, akiweka mkoba wa zana chini.

"Marahaba, baba. Karibu," alijibu Benedikta.

Sele alizunguka chumba, akapiga marumaru kwa mpini wa nyundo, akasikiliza. Akakuna kichwa.

"Bi mkubwa, hawa wenzangu waliweka marumaru kabla ya bomba la kutolea maji?"

"Mudathir alitaka kuona picha," alisema Bi Hasina kutoka kwenye kiti chake cha kamba. "Anatuma pesa kidogo kidogo, na kila awamu anataka picha. Bomba halina picha nzuri."

"Sasa mashine itamwaga wapi?"

"Si palikuwa na bomba la karo?"

"Lipo humu chini, lakini mdomo wake wameufukia kwa zege. Nikibomoa kwa kubahatisha nitamaliza marumaru zako zote." Alinyanyua mpira wa kutolea maji wa mashine, uliotolewa boksini. "Na huu mpira siwezi kuutupa tu sakafuni. Ukilala chini, maji yanatoka huku mashine inayaingiza, haijai mpaka kesho. Lazima nisimamishe bomba ukutani, usawa wa kiuno, liungane na lile la chini."

Akatazama mlango wa choo, hatua chache tu kutoka pale.

"Au niunge kwenye bomba la choo. Saa mbili tu nimemaliza."

Bi Hasina alikaa wima. "La choo?"

"Ndivyo wanavyofanya nyumba nyingi."

"Na likiziba?"

Sele hakupenda kudanganya. "Likiziba, yanarudi juu."

"Kwenye nguo zangu za kuswalia." Bi Hasina alitikisa kichwa taratibu. "Sitaki, mwanangu. Bora mashine iuzwe huko Muheza."

Benedikta alikuwa amekaa kwenye kigoda chake juu ya marumaru, beseni limekaa mbele yake, mikono ndani ya maji. Chini ya beseni lile, hatua tatu kutoka mlango wa stoo kuelekea ukuta wa jirani, ndipo ulipokuwa mdomo wa bomba. Mwaka ule wa mvua kubwa lilipoziba, marehemu mume wa Bi Hasina alilifukua na Benedikta akaingiza mkono hadi begani, akatoa soksi, vifungo na tope. Mzee amekwenda zake. Aliyebaki anayejua ni yeye tu.

Hakuwa amekaa pale kwa kusudi. Alikaa pale kwa mazoea, kwa kuwa ndipo karo lilipokuwa. Lakini sasa hakunyanyuka.

Simu ya Bi Hasina ililia, na kwa kuwa masikio yake yamechoka, huiweka sauti ya juu. Ua mzima ulimsikia Mudathir akiuliza kama fundi amefika. Kisha akasema, "Na yule mama wa kufua, mlipe za wiki hii, mama, tufunge hesabu. Umri wako si wa kuingiza watu wa kila namna uani."

Bi Hasina alipapasa simu kutafuta pa kupunguza sauti, asipaone.

Watu wa kila namna. Ilimuuma Benedikta, ikamuuma zaidi kwamba Bi Hasina hakumtetea. Alimpenda mama huyu. Alimwogesha alipovunjika nyonga. Hakuwahi kuandikiwa karatasi yoyote, wala kuitaka. Alifikiri miaka yenyewe ni karatasi.

Simu ilipokatika, Bi Hasina alikohoa, akamwita Benedikta kwa jina la mwanawe.

"Mama Precious, mwenzangu. Wewe si ulikuwepo marehemu alipofukua? Mwoneshe fundi."

Benedikta alikamua baibui la kuswalia, maji ya tatu, akalitikisa, akaenda kulianika kwenye kamba yake. Alirudi akifuta mikono.

"Na mie je, Bi Hasina?"

"Wewe vipi?"

"Mashine ikishaanza. Mie nije au nisije?"

Bi Hasina alitazama vidole vyake. "Hayo, tutaona."

Sele akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Benedikta alimwagia mkomamanga maji ya beseni lake, akalifuta, akaliacha palepale lilipokuwa, limefunikwa kifudifudi. Akavaa ndala.

"Kwaheri, Bi Hasina."

"Na bomba?"

"Ni siku nyingi. Ngoja nikumbuke."

Alivuka ukumbi akafika langoni. Nyuma yake nyundo ilianza, upande wa jikoni, ambako bomba halijawahi kupita. Marumaru ya kwanza ikavunjika, halafu ya pili. Alijua kwamba Sele si mjinga, na kwamba keshokutwa au mtondo atalifikia beseni na kulisogeza.

Nyundo ikanyamaza. Zikasikika hatua za Bi Hasina na mkongojo wake, mbio kuliko kawaida.

"Mama Precious! Alhamisi uje. Usikose, tafadhali."

Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuambiwa siku ya kuja; alikuja tu, kama mtu wa nyumbani. Alijua kinachoitwa ni bomba, si yeye.

"Inshallah," alisema Benedikta, kama wanavyosema wenyewe wasipotaka kuahidi, akavuta lango nyuma yake.