Togwa ya Kumwita Heche

Mtoto wa Wegesa alibadilishwa jina mara tatu kabla hajaota hata jino, na majina yote matatu aliyapigia kelele mpaka wapita njia wakawa wanasimama kando ya zizi kuuliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Ni mtoto tu, tena mnene, mwenye afya zake, ila ikifika saa ya ng'ombe kurudi kutoka malishoni anakunja magoti, anakunja ngumi, anapiga ukelele ungedhani kuna mtu anamfinya. Akichoka ananyamaza kidogo. Akipata nguvu anaanza upya.

Mahali pengine wangesema ni tumbo. Kwa watu wa mji ule, huku Tarime, ilikuwa ni jina. Mtoto asiyekoma kulia, walisema, ni kwamba kuna mzee wa ukoo aliyekwisha kwenda zake anayetaka jina lake, nanyi mmempa la mwingine. Basi mnapika uji wa wimbi, mnauacha uchache mpaka uwe togwa kali, mnakaa pamoja, halafu mwanamke aliye mkubwa kuliko wote anachovya kidole na kumlambisha mtoto huku akiita, "Fulani, kama ni wewe, nyamaza." Mtoto akinyamaza, mzee amekubali. Asiponyamaza, mnatafuta mwingine.

Mkubwa kuliko wote alikuwa Bibi Gati, na Bibi Gati hakujua kulambisha kidogo. Hata siku ya jina ikishapita, kila asubuhi alikuwa anapita na kibuyu chake. "Nimkumbushe jina lake," anasema, na kidole kinazama kinywani mwa mtoto mpaka kwenye kifundo. Kinatoka, kinachovywa tena, kinarudi.

Sasa, nyumba yenyewe haikuwa nyumba ya kufanyia mzaha. Mwenye mji alikuwa Mokami, mjane wa Heche. Heche alifariki akaacha mabinti watupu, wote wameshaolewa, na zizi limejaa ng'ombe. Ndipo Mokami akafanya kile ambacho mila ya Wakurya inamruhusu mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume: akatoa ng'ombe, akaoa mke. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa. Alimwoa Wegesa kutoka Mbalibali ili azae mtoto wa kiume na mwanamume wa nje, na mtoto huyo awe wa Heche, arithi mji wa Heche. Wegesa alikuja huku anaogopa, maana kwao walimtisha kwamba wanawake wanaooa wanawake wanawatumikisha kama punda. Akamkuta Mokami ndiye anayemtengea ugali wake kwanza kabla ya kujitengea mwenyewe. Wakapendana sana wale wawili. Mokami alimwita "mwanangu", na akitaka kumtania alimwita "mke wangu", wakacheka mpaka machozi.

Aliyekuwa hacheki ni Nyamhanga, mdogo wake Heche. Huyu alikwenda vitani Burma akarudi na koti zito la jeshi, na koti lile alilivaa masika na kiangazi, juani na kivulini, jasho linamtiririka lakini havui ng'o. Kama Mokami asingepata mrithi, ng'ombe wa Heche wangekwenda kwa Nyamhanga. Mtoto alipozaliwa wa kiume, Nyamhanga alitabasamu kwa meno tu. Alipoanza kulia, Nyamhanga akaanza kuja kutembea kila jioni.

Jina la tatu lilipokataliwa, akasimama mbele ya wazee wa ukoo, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Limebaki jina moja," akasema. "La kaka yangu mwenyewe. Hakuna jina lililo juu ya hilo katika mji huu. Tutamwita Heche. Mtoto akimkataa Heche, basi ni Heche anayewakataa. Msichana arudi kwao Mbalibali na mwanawe, na zizi hili nitalitunza mimi."

Wazee wakatazamana. Hawakumpenda Nyamhanga, lakini neno lake lilikuwa la mila, walipingeje? Wakakubali wakutane tena Bibi Gati akirudi kutoka Kisaka, ambako alikuwa anakwenda kwenye msiba wa dada yake. Mokami aliingia ndani akakaa kwenye kigoda, akashika kichwa. Wegesa alimkumbatia mtoto. Kurudishwa kwao! Akafike na mtoto mgongoni, watu waseme mizimu imemtema? Na Mokami abaki na nani?

Bibi Gati akaenda Kisaka na kibuyu chake kikaenda naye. Na hapo ndipo Wegesa alipoanza kuona kitu.

Siku ya kwanza bila kibuyu, mtoto alilia kidogo. Kesho yake akalia kidogo kuliko jana. Wegesa alikuwa akimwogesha, akapitisha mkono juu ya tumbo lile dogo ambalo siku za togwa huwa limekaza kama ngoma, akalikuta laini. Akasimama na maji yanadondoka mkononi. Akahesabu moyoni: jina la kwanza, togwa, kilio. Jina la pili, togwa, kilio kikubwa. La tatu, Bibi Gati akazidisha kila asubuhi, mtoto nusura apasuke. Loo! Sisi wenyewe, akajiambia. Sisi wenyewe tunamjaza hewa, halafu tunamuuliza mzee gani anamliza!

Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Halafu akamkumbuka mama yake kule Mbalibali, aliyelea watoto wengi na hakuwahi kumpa hata mmoja kitu kingine zaidi ya ziwa kabla hajakaa mwenyewe. Mtoto akisumbuliwa na tumbo, mama yake alikuwa anachuma kivumbasi, lile jani lenye harufu kali linaloota kando ya njia, analoweka kwenye maji ya moto na kuyanywa yeye mwenyewe. "Dawa inapita kwangu kwanza," alikuwa akisema, "ikifika kwake imeshapoa." Majani yaliyobaki anayapasha moto, anayajaribu kwenye shavu lake, kisha anayaweka juu ya tumbo la mtoto na kulisugua polepole, duara kwa duara, mpaka hewa itoke ilikoingia au itokee upande wa pili.

Wegesa hakungoja. Alichukua kikapu akashuka mpaka kwenye mashamba ya mahindi, akarudi kimejaa kivumbasi, nyumba nzima ikanuka. Akanywa kikombe chungu, akakunja uso, akanyonyesha. Akapasha majani, akasugua. Mtoto akajinyonga, akajinyoosha, akaachia shuzi refu, akalala. Alilala ng'ombe wakirudi, akalala wakikamuliwa. Mokami akaja mbio kutoka zizini akidhani mtoto amezimia.

"Amefanya nini?" akauliza, ndoo ya maziwa ingali mkononi.

"Amelala, mama."

"Saa hizi? Huyu?"

Wegesa akamwambia yote, togwa na kivumbasi na tumbo. Mokami akaweka ndoo chini. Furaha ilimjia usoni, kisha ikaondoka.

"Mwanangu, unaniambia nizuie togwa ya jina? Togwa ndiyo inayomwita mzee. Nikiizuia, Nyamhanga atasema nimemfungia mume wangu mlango, na wazee watamsikiliza."

"Na akilambishwa, atalia. Akilia, mimi naenda zangu Mbalibali na wewe unabaki hapa peke yako."

"Usiseme hivyo."

"Nasema, mama! Aliyemkataa ni nani? Tumbo lake tu ndilo linakataa!"

Mokami akaketi kando ya ndoo. Alikuwa mwanamke wa kuogopa mila, na haki yake, maana mila hiyo hiyo ndiyo iliyompa Wegesa na mtoto. Hatimaye akasema, "Togwa lazima inywewe. Hilo silibadilishi. Ila sijawahi kusikia mila ikitaja kidole." Akamtazama Wegesa, na Wegesa akamtazama yeye, wakaelewana bila kusema zaidi.

Siku Bibi Gati aliporudi, watu walijaa uani tangu jua lilipopanda. Wazee kwenye vigoda, wanawake kwenye mikeka, Nyamhanga katikati ndani ya koti lake, amekuja na kamba za kufungia ndama. Fikiria mtu huyo! Kamba za kufungia ndama kwenye siku ya jina la mtoto. Wegesa aliziona, lakini hakuinamisha uso. Alikuwa amekunywa kivumbasi alfajiri na tena kabla ya kutoka nje, na ndani ya khanga aliyombebea mtoto majani yalikuwa bado na joto.

Mtoto alipitishwa mikono kwa mikono ili watu wamwone, kila mtu anamtikisa, anamrusharusha. Alipomrudia mama yake alikuwa ameanza kununa. Akanyonya kwa pupa, akameza hewa, akaliachia ziwa. Mdomo ukaanza kutetemeka. Nyamhanga akawageukia wazee, amenyanyua nyusi.

Bibi Gati akasogea na kibuyu. Kidole kikazama ndani, kikatoka kinachuruzika.

"Hapana, bibi," Wegesa akasema.

Vichwa vyote vikamgeukia. Mke kijana hasemi hapana mbele ya wazee, na Wegesa alijua hivyo.

"Shikamoo bibi, nisamehe. Mtoto huyu hana meno. Chakula chake chote kinapita kwangu. Nipe mimi togwa ya Heche, niinywe yote, nimpelekee kwa ziwa langu. Mimi ndiye mdomo wake."

"Haijawahi kuonekana!" Nyamhanga akafoka. "Mnaona? Wanamzuia kaka yangu!"

Ndipo Mokami akasimama. "Nyamhanga, kaa chini. Heche alikuwa mume wangu. Mji ni wangu, mke ni wangu, niliyetoa ng'ombe ni mimi. Togwa inanywewa, wala hakuna aliyeizuia. Au kuna mahali mila imesema lazima ipitie kidoleni? Bibi Gati, wewe ndiye unayejua. Sema."

Bibi Gati akatazama kidole chake. Akatazama mtoto, ambaye sasa uso umekunjamana na machozi yako njiani. Alifikiri mpaka mzee mmoja akakohoa. Kisha akakilamba kile kidole mwenyewe, akampa Wegesa kibuyu.

"Kunywa," akasema. "Yote."

Wegesa akainua kibuyu akanywa kwa mikupuo mikubwa, togwa ikamtiririka kidevuni. Akampa Mokami kibuyu kitupu. Akampa mtoto ziwa kidogo, akamlaza juu ya mapaja yake, akaweka kiganja na majani ya joto juu ya lile tumbo, akaanza kusugua, duara kwa duara, moyo wake ukiomba kwa majina yote anayoyajua, ya wazee wa ukoo na ya watakatifu wa misheni pia. Mtoto akafungua mdomo. Nyamhanga akashika kamba zake.

"Heche!" Bibi Gati akaita kwa sauti iliyofika mpaka zizini. "Heche, mwenye mji! Kama ni wewe, nyamaza!"

Mtoto akavuta magoti, akakaza, akawa mwekundu, na hapo, mbele ya ukoo mzima, akaachia. Lo, salaala! Halikuwa jambo la kificho. Wazee wa nyuma kabisa walilisikia. Kisha akacheua, maziwa kidogo yakamtoka mdomoni, uso wote ukalegea, akatabasamu.

Kimya. Kimya kabisa.

Mzee mmoja akaanza kutikisika mabega. Wa pili akaficha uso kwa mkono. Halafu uwanja wote ukapasuka kwa kicheko, wanawake wakaangukiana kwenye mikeka, Bibi Gati akajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa.

"Amenyamaza!" akapaza sauti. "Mmeona wenyewe! Ameitwa, ameitika, amenyamaza! Ni Heche!"

"Ni Heche!" Wanawake wakapiga vigelegele, na Mokami, mjane ambaye hakuwahi kucheza tangu msiba wa mumewe, akaruka katikati ya uwanja akarusha mabega huku analia na kucheka, anaita, "Heche wangu! Heche wangu!" Wegesa alitaka kusimama acheze naye ila mtoto alikuwa amelala mapajani, basi akabaki ameketi, machozi yanamwagika bila aibu. Alikuwa ameshinda. Yeye, msichana wa Mbalibali, na kikapu cha majani.

Mzee wa ukoo akapiga fimbo chini watu wakatulia. "Limekubaliwa," akasema. "Mji una mwenyewe, na zizi lina mwenyewe. Kilichobaki ni kumwamkia."

Watu wakageuka kumtazama Nyamhanga, maana ndivyo ilivyokuwa: anayepewa jina la mzee anapokea na heshima yake, na wadogo wa mzee huyo ndio wanaotangulia kumwamkia. Nyamhanga alisimama pale anatafuta pa kutokea. Hapakuwa na pa kutokea. Watoto wa mji mzima walikuwa wamemzunguka wakingoja waone.

Akaweka kamba chini. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu arudi Burma, akavua koti. Akasogea mpaka alipoketi Wegesa, akainama, mgongo wake mpana ukakunjika mbele ya kile kitoto kilicholala, kinachonuka kivumbasi na maziwa.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Mtoto hakuamka. Wegesa akainua uso, akamtazama Nyamhanga machoni, akajibu kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Marahaba."