Maji ya Juu

Wifi wa mpima maji aliingia na ndoo kichwani, kicheko kikimtangulia mlangoni.

"Wifi, lete huo mkono niubusu! Pampu ya mtaa waliyoifunga wakisubiri vipimo imefunguliwa. Shingo yangu inakushukuru, na miguu nayo inatuma salamu."

Mpima maji alikuwa akimwogesha mwanawe kwenye beseni. Mkono wenye sabuni ukasimama.

"Nani kaifungua?"

"Kwani si wewe? Wametangaza kwamba kisima cha uchunguzi kina maji safi, kwa hiyo na yetu safi. Nimewaambia pale, aliyepima ni wifi yangu, anayebisha aje kwangu."

Kisima hicho ni bomba jembamba lililochimbiwa kati ya mgodi wa makaa ya mawe na nyumba zao. Sumu ya mgodi ikitembea chini ya ardhi, itapita hapo kwanza. Ndiyo maana kabla ya kujaza chupa ya maabara, mpimaji husukuma nje maji yote yaliyolala bombani, mpaka tarakimu za kipimo zitulie. Hapo ndipo maji ya ardhini yenyewe hufika. Ni kazi ya kuchosha mabega.

Safari ya mwisho ya kupima, alikuta kifuniko cha bomba kimepasuka na mvua za wiki nzima zimeingia. Nyumbani mtoto alikuwa na homa, amekataa chupa, na yeye mwenyewe maziwa yalikuwa yamemjaa kifuani hadi blauzi imelowa. Akachota ya juu bila kusukuma, akabandika lebo, akaondoka mbio. Mara hii moja tu, alijiambia.

Maabara walipima maji ya mvua.

"Usiyanywe hayo, wifi."

"Tumeshakunywa! Watoto ndio usiseme, wamefakamia kama wametoka jangwani." Kisha akamtazama vizuri. "Mbona umekuwa hivyo?"

Akamwambia yote. Wifi alibeba ndoo akaenda kuimwaga nje, taratibu, hadi tone la mwisho. Kutoka uani ikasikika sauti yake: "Wanangu, wifi. Wanangu."

Mpima maji akampigia simu msimamizi wake.

"Unajua unachokisema? Hiyo ni kazi yako inaondoka."

"Najua, bosi. Fungeni pampu kwanza."

"Itafungwa sasa hivi. Kesho utapima upya, nami nitakuwepo. Habari ya kazi yako tutaiongea baadaye."

Asubuhi msimamizi alisimama kisimani amekunja mikono. Wifi naye akatokea, mtoto wa mpima maji mgongoni, bila salamu.

"Akitaka kunyonya utamnyonyeshea hapa hapa," alisema. "Leo huondoki mpaka umalize."

Mpima maji akasukuma. Maji yalitoka meupe, yakaingia ukungu, kisha yakaja na rangi ya kutu. Tarakimu zilipanda, zikapanda, mpaka zikatulia juu kabisa. Msimamizi alizisoma, akashusha pumzi, akasogea kando kupiga simu: pampu ya mtaa isifunguliwe tena, na gari la maji lije leo.

Wifi aliitazama chupa iliyojaa. "Wanangu wamekunywa haya?"

"Huenda."

Mpima maji alitaka kuomba radhi, lakini neno lilikuwa dogo mno. Mtoto akaanza kulia. Maziwa yakamshuka, lakini mikono yake ilikuwa bado inakaza kizibo.

Wifi akamtikisatikisa mtoto mgongoni, hakugeuka.

"Nyamaza, baba. Mama yako hajamaliza."